Mheshimiwa na Mkoba wa Khanga

Mwezi uliopita chuo kiliniomba niandike wasifu wa Mheshimiwa, ukurasa mmoja tu, wa kusomwa siku ukumbi mpya wa mihadhara utakapopewa jina lake. "Wewe ndiye unayemjua," waliniambia. Ni kweli. Nilikuwa katibu wake miaka yote ya ubunge, kisha alipofanywa mkuu wa chuo akanichukua, nikakaa mlangoni pake mpaka siku aliyostaafu. Nimembebea mikoba, nimempokelea simu, nimewaambia wageni hayupo wakati yupo ndani anakula bagia. Basi nikaandika: shule alizosoma, kamati alizokaa, vyeo, majengo. Ukatoka ukurasa safi usio na mtu ndani yake. Tena kulikuwa na siku moja niliyoiandika nusu, na ile nusu niliyoiacha ilikuwa dhambi yangu, si yake.

Haya ya hapa si ya ukumbini. Sitasema amezaliwa wapi wala ni wa ukoo gani. Hayo yatasomwa na mwenye kipaza sauti. Nataka kumsema kama nilivyomwona mimi, na nikifika kwenye siku ile nisiiruke tena.

Ni mwanamke mfupi mwenye sauti kubwa. Hutembea upesi kama mtu aliyeacha chungu motoni, ingawa jikoni, Mungu anisamehe, hajui kitu. Nimekula wali wake mara tatu, na mara zote tatu ukoko ulikuwa mwingi kuliko wali. Ukiusifia anajua unamdanganya, na kwa kukukomoa anakuongezea mwingine.

Kabla ya siasa alikuwa mhadhiri, na kalamu nyekundu haikumtoka mkononi hata alipoacha kufundisha. Ripoti ya kamati ikimfikia, anaisoma akiwa na kalamu. Barua ya diwani, kalamu. Hata kadi ya harusi iliwahi kurudishwa kwa wenyewe, kwa sababu haikusema wageni watakula saa ngapi. Hakuwa na maneno mengi ya kusahihishia. Alikuwa na neno moja tu, analiandika pembeni kwa herufi za kulala: Haijaisha. Hakusema imekosewa, wala hakusema mbaya. Wanafunzi wa chuo walimwita Mama Haijaisha, na alipogundua alicheka mpaka akatoa leso. Kesho yake akamrudishia mmoja wao insha yenye Haijaisha saba.

Watu wanaomjua kwa hotuba zake hushangaa nikiwaambia kwamba mbele ya kaka yake mkubwa alikuwa mtoto wa madrasa. Mwanamke aliyewahi kumkalisha waziri kitini kwa swali moja, kaka yake akiingia ofisini anasimama, anainamisha kichwa, "shikamoo kaka, ndiyo kaka, sawa kaka." Kaka akishatoka ananigeukia: "Umeona nini?" Nami najibu sikuona kitu. Halafu kulikuwa na drafti. Mchana, wakuu wa idara wakienda kula, yeye alikuwa getini akicheza drafti na walinzi. Wakimshinda ananuna. Wakimwacha ashinde ananuna zaidi, anasema wanamwogopa kwa cheo. Walinzi wale walikuwa na kazi ngumu kuliko wote pale chuoni.

Alikuwa na hasira ya karibu. Mhadhiri aliyechelewesha matokeo alisikika akigombezwa mpaka maktaba. Baada ya nusu saa utamsikia mhadhiri yuleyule akiulizwa kama mkewe ameshajifungua, na mimi naagizwa nitafute mdalasini na tangawizi nipeleke. Sifa hakuzitoa kirahisi. Miaka yote niliyofanya naye kazi alinisifia mara moja, akasema barua yangu "inasomeka". Niliitunza barua hiyo.

Lakini ukitaka kumjua Mheshimiwa ilikubidi umfuate msibani.

Wanasiasa wetu huku pwani wakifika kwenye msiba hutafutiwa kiti cha mbele chini ya turubai, na kabla watu hawajamaliza kuomba dua wao wameshashika kipaza sauti. Yeye alizunguka nyuma ya nyumba. Anavua viatu, anajifunga khanga, anawapa mkono wafiwa, anakaa jamvini na wanawake wengine, kisha anasema, "Nipeni kisu." Kazi yake ilikuwa vitunguu. Alimenya na kukata kilo kwa kilo, pale nje penye masufuria, na kwa kuwa hakuna aliyethubutu kumwachia sufuria lenyewe, vitunguu vilimfaa. Siku moja mwenyekiti wa kijiji alikuja kumwita akasalimie wananchi. "Msibani sina jimbo," alimjibu bila kuinua kichwa. "Niondokee kwenye mwanga."

Kwa ajili hiyo nyuma ya gari lake kulikuwa na mkoba wa ukindu. Ndani yake mlikaa doti moja ya khanga, kandambili na pakiti ya ubani. Ulisafiri naye kila mahali, hata Dodoma kwenye Bunge, kwa sababu, alisema, msiba hauulizi ratiba ya mtu. Mimi ndiye niliyekuwa nafua zile khanga na kuzikunja upya.

Sasa nimefika.

Mheshimiwa alikuwa na somo yake kule Mlingotini. Huku kwetu wanawake wawili wakipendana kupita ndugu huitana hivyo, somo, na hao wawili walianza kuitana wakiwa wasichana wa shule. Huyo somo yake alikaanga samaki akauza, na wakati wa kampeni ndiye aliyepita nyumba kwa nyumba. Mama yake somo alimlisha Mheshimiwa miaka aliyokuwa akisoma mbali na kwao. Alimwita mwanangu wa pili. Nimewahi kumwona bibi yule akimvuta Mheshimiwa sikio, mbele ya dereva, kwa kuwa amekonda.

Siku bibi aliyofariki tulikuwa Dodoma. Mheshimiwa alikuwa ameomba nafasi ya kuchangia kwa mikutano mitatu ya Bunge bila kuipata, na jioni ile jina lake lilikuwa kwenye orodha. Alitaka chuo kijengwe kwetu, upande huu wa pwani, watoto wa wavuvi na wakulima wasome bila kuhama. Hakuwa amelala vizuri wiki nzima kwa ajili ya hotuba hiyo. Akiwa ukumbini simu zake hukaa na mimi. Saa mbili asubuhi, wakati yeye yuko kwenye kikao cha kamati, ikaita. Alikuwa somo.

"Mwanangu, mama ametutoka. Mwambie mwenzangu. Akitoka sasa hivi atatuwahi. Tutamsubiri, tuzike baada ya alasiri."

Nikampa pole. Nikasema nitamwambia. Nikakaa na simu mkononi nikitazama mlango wa kamati. Nilimjua: nikimwambia, ataomba ufunguo wa gari kabla sijamaliza sentensi, na ile hotuba haitatoka tena. Nikajiambia bibi ameshakufa, hatafufuka kwa sababu ya vitunguu, ila chuo kitazuia umaskini wa watu wengi. Niliona nimepima vizuri. Baada ya saa moja somo akapiga tena kuuliza kama nimempa habari. Nikasema nimempa. Nikasema yuko njiani.

Sijui ni kwa nini niliongeza hilo la mwisho. Nadhani nilitaka akate simu.

Jioni Mheshimiwa alisimama na kusema. Sijawahi kumsikia vile. Hakupiga kelele hata kidogo, alieleza tu, na wabunge waliokuwa wakisinzia waligeuka kumtazama. Alipotoka watu wanampa mikono, nikamvuta pembeni, nikamwambia simu imefika sasa hivi. Uso ukamsawijika. Akaenda mwenyewe nyuma ya gari, akafungua, akautoa mkoba wa khanga akaupakata njia nzima.

Tulifika Mlingotini asubuhi ya pili. Somo yake alitutokea mlangoni. Hakulia wala hakupaza sauti.

"Nilipiga saa mbili asubuhi," alimwambia. "Tumemweka mama tukikungoja. Ulihutubia vizuri. Redio ya dukani ilikuwa wazi, tulikusikia." Akaurudishia mlango.

Mheshimiwa alisimama pale na mkoba wake. Mimi nilikuwa hatua mbili nyuma yake. Garini nikasema, pengine somo yake amechanganya saa kwa majonzi. Akajibu, "Pengine." Huo ulikuwa uongo wangu wa nne, nao ulipita kama mitatu ya mwanzo.

Habari ilienea kuwa Mheshimiwa aliacha maiti akachagua kipaza sauti. Huku kumchelewesha maiti si jambo dogo, na kijiji kizima kilikuwa kimesimama juani siku ile. Kura za maoni zilipofika, wanawake waliokuwa uti wa mgongo wake walikaa majumbani. Alianguka. Kwenye mkutano wa kushukuru alisema maneno machache tu: "Bibi yangu alinisubiri sikufika. Hamkunionea." Nilimfuata baadaye nikamuuliza, kwa sauti ya mtu anayetafuta pa kujificha, kwa nini hakuwaambia kwamba habari zilimfikia jioni.

"Nikisema hivyo nitakuwa nimemwita somo yangu mwongo ndani ya msiba wake," alisema. "Basi tena. Chapa ile barua."

Nikachapa barua.

Chuo kilikuja. Hotuba ile haikupotea. Serikali ilitoa eneo, majengo yakainuka, na walipotafuta mtu wa kukiongoza wakamkumbuka mhadhiri aliyewahi kuwa mbunge. Kwa hiyo kila asubuhi, kwa miaka, niliingia kazini kwenye jengo lililotokana na siku ile. Walioniambia nina bahati hawakukosea. Nilikuwa nalipwa mshahara mzuri na nyonga yangu ilikuwa inauma kila nikipita barabara ya kwenda Mlingotini, ingawa daktari hakuona kitu.

Aliongoza chuo kama alivyokwenda msibani, kwa kupita mlango wa nyuma. Alianzia jikoni kwa wapishi, kisha mabwenini, mwisho ofisini. Mwanafunzi aliyekuja na shida alipigishwa hodi na kukaribishwa kama mgeni wa nyumbani, akaulizwa ya kwao, wazima? bibi je? Wakati yule mwanafunzi anasahau alichokuja kulalamikia, yeye anamkumbusha. Watoto wa wavuvi alijua majina yao. Kulikuwa na mmoja aliyemwangalia kwa jicho la pekee, mjukuu wa somo yake. Hakumpendelea. Insha zake zilijaa nyekundu kuliko za wengine wote.

Mahafali ya kijana yule ndiyo yaliyonimaliza. Maandamano ya wakuu yalikuwa yanaingia, mbele mbeba siwa, lile rungu kubwa la heshima, nyuma yake Mheshimiwa kwenye joho lake zito, na wahadhiri wote wamefuata. Katikati ya njia akamwona somo yake amekaa na wazazi. Akatoka kwenye mstari. Wahadhiri wakasimama, hawajui wafanye nini. Mbeba siwa hakuona, akaendelea peke yake mpaka jukwaani. Mheshimiwa alimfikia somo, akamnyooshea mkono, akasema, "Hongera, somo." Yule mama alivuta ushungi wake mbele, akatazama juu kwenye turubai. Mkono wa Mheshimiwa ulikaa hewani. Kisha akaurudisha ndani ya joho na kwenda kukaa mahali pake, akatunuku shahada mpaka ya mwisho bila kukosea jina. Mimi nilikuwa nimeshika orodha ya majina pembeni mwa jukwaa, na sikusema kitu. Najua watu waoga wengi, lakini sijui mwingine aliyekaa na woga wake miaka mingi kama mimi.

Basi Jumamosi iliyopita nikaupeleka ule ukurasa wangu Mapinga, anakoishi sasa. Alipojenga palikuwa na mihogo mitupu. Leo amezungukwa na kuta za watu wa Dar na jirani anafyatua matofali tangu asubuhi. Goti limemharibikia, anatembelea mkongojo, na mkongojo wenyewe anautumia zaidi kunyooshea watu.

"Shikamoo, Mheshimiwa."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umekonda? Au ni gauni?"

Akaisoma karatasi yangu kalamu ikiwa mkononi. Shule akazipita, kamati akazipita. "Majengo umeyapenda," alisema. Kisha akafika nilipoandika kwamba siku aliyohutubia Bungeni ndiyo iliyozaa chuo. Akasimama hapo. Akaandika pembeni neno lake, taratibu, akanirudishia karatasi.

Haijaisha.

Nilijaribu kujikaza kisabuni, ikashindikana. "Mheshimiwa, simu ilipigwa saa mbili asubuhi," nikasema. "Nilipokea mimi."

"Najua."

"Tangu lini?"

"Tangu mlangoni. Somo yangu kaniambia asubuhi, wewe umeniambia jioni. Mwongo ni mmoja kati ya wawili, na yule nimekula naye sahani moja tangu utoto. Ningekosaje kujua?"

"Mbona hukuniuliza?"

Alifunga kalamu, akaifungua, akaifunga tena. "Niliogopa. Ningekuuliza ungekiri, na ungekiri ningekufukuza. Nilikuwa nimeshampoteza mmoja siku hiyo. Nikasema huyu abaki." Jirani akafyatua matofali mawili matatu. "Wewe ulimnyima siku moja. Mimi nimemwacha na uchungu wake miaka yote hii, na dawa yake ninayo mlangoni pangu inachapa barua. Sasa niambie nani mkubwa wa dhambi."

Nilikuwa nalia tu, mtu mzima na miwani yangu.

"Inuka twende," alisema.

"Wapi?"

"Unajua wapi. Mkoba uko nyuma ya gari."

Ulikuwepo. Ukindu umefifia, khanga bado zinanukia ubani. Akaitoa ile doti, akaomba mkasi, akaikata katikati hapohapo kibarazani, akanipa nusu. Nikamwambia kipande kimoja hakitamtosha. "Kitatosha," alisema. "Leo msemaji si mimi."

Tukafika Mlingotini jua la saa tisa. Alipiga hodi mara tatu kwa mkongojo. Somo yake alifungua mwenyewe, amezeeka, mgongo umepinda kidogo, mikono ileile yenye alama za mafuta ya moto.

"Asalaam alaykum, somo."

Nikadhani atafunga. Alitutazama, akaziona zile khanga, kipande kwake na kipande kwangu. "Waalaykumu salaam," akasema mwisho, akatuonyesha mkeka.

Nikasema. Sikupamba. Nilisema saa, nilisema simu ya kwanza na ya pili, nikasema Mheshimiwa hakupewa habari mpaka jioni. Mama yule alinisikiliza akitazama mikono yangu.

"Nilipokuuliza kama umempa, ulinijibu nini?"

"Nilisema nimempa. Nikasema yuko njiani."

"Yuko njiani," alirudia. "Imamu aliniambia mara mbili, tuondoke, tunamtesa maiti. Mimi ndiye niliyesema bado. Kila gari lililopita nilitoka kuangalia. Mama yangu mzazi, nikamweka mpaka jua linazama kwa neno lako." Akamwonyesha Mheshimiwa kwa kidevu. "Miaka yote sikuwa na hasira na huyu peke yake. Nilikuwa nayo na mimi mwenyewe."

Nikasema nisamehe, mama. Akamgeukia mwenzake.

"Nawe ulijua?"

"Nilijua."

"Ukanyamaza."

"Nikanyamaza, somo."

Kuku aliingia, akatutazama, akatoka. Yule mama alikunjua upindo wa mkeka.

"Mama yangu hukumkatia kitunguu hata kimoja," alisema.

"Hata kimoja."

"Viko jikoni."

Mheshimiwa akashika mkongojo, akaanza kuinuka kwa shida ya goti lake. Nikainuka nimsaidie, lakini mkono wa mwenyeji wetu ukanidaka upindo wa khanga.

"Wewe kaa," somo akaniambia. "Anza upya, tangu simu ilipoita. Usiruke kitu."

Nikaanza upya. Kule jikoni tulisikia kigoda kikivutwa, bakuli likiwekwa chini, kisha ile sauti niliyoizoea, sauti kubwa ya mwanamke mfupi.

"Jamani, kisu chenu hiki butu!"

Somo yake alijifuta uso kwa ncha ya ushungi. Hakugeuka.

"Siku ile kilikuwa kikali," alimjibu.